Je, wanawake wasubiri uchumi ukue kwanza? Jibu kwa mweka hazina wa kikoba cha Mbagala

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake huku Mbagala. Kwenye kikao cha mwezi uliopita palizuka ubishi. Mwenzetu mmoja aliyewahi kukaa Johannesburg alisema Afrika Kusini walipopata demokrasia mwaka 1994 waliandika katiba inayomlinda mwanamke kuliko nchi nyingi duniani, lakini wanawake weusi kule bado ni maskini. Mume wa mwanachama mmoja, aliyekuja kumchukua mkewe, akadakia: "Ndiyo maana nasema uchumi kwanza, hizo haki za wanawake zitafuata zenyewe." Tulishindwa kumjibu. Na sisi hapa tuna sheria, tuna viti maalum, Rais ni mwanamke, lakini mtaji wangu ni uleule na deni la kausha damu, ule mkopo wa riba kubwa, liko palepale. Je, yule baba yuko sahihi? Na tunaweza kujifunza nini kwa wenzetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na wasalimie wanakikoba wote. Yule baba hayuko sahihi. Lakini hoja yake si ya kijiweni tu. Nimeisikia kwa wakopeshaji wa kimataifa, kwa viongozi na kwa wachumi wenzangu, kwa hiyo inastahili jibu la kutosha. Nitamjibu kwa mfano uleule mliokuwa mnabishania, kwa sababu Afrika Kusini ilijaribu yote mawili kwa wakati mmoja: sheria nzuri kwa wanawake, na sera ya uchumi iliyotaka ukuaji utangulie. Leo, zaidi ya miaka 30 baadaye, tunaweza kuona ni kipi kilimfikia mwanamke maskini na kilipita njia gani.

Kwanza walichopata. Wakati mazungumzo ya kumaliza ubaguzi wa rangi yakiendelea, wanawake wa vyama vilivyokuwa vinahasimiana, wa makanisa, wa vyama vya wafanyakazi na wa vijijini waliungana mwaka 1992 wakaunda muungano wao wa kitaifa. Walikusanya madai nchi nzima, wakayaandika kuwa mkataba, wakang'ang'ania nafasi kwenye meza ya katiba. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Frene Ginwala, ambaye wazee wa Dar es Salaam hawajamsahau: serikali ilipotaifisha gazeti la The Standard mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alimteua yeye kuliongoza. Baada ya uchaguzi wa Aprili 1994 akawa Spika wa Bunge jipya. Bunge hilo lilikuwa na wanawake takriban asilimia 27, wakati lile la enzi za ubaguzi halikufikisha hata asilimia 3.

Mambo yakaenda kasi. Hazikupita wiki nyingi Rais Mandela akatangaza kwamba wajawazito na watoto walio chini ya miaka 6 watatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Katiba ya 1996 ikakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito na hali ya ndoa. Mwaka 1998 peke yake zilipita sheria za ukatili wa majumbani, matunzo ya watoto, ndoa za kimila na usawa kazini. Mwenzenu wa Johannesburg amesema kweli. Ni nchi chache sana zilizofanya mengi kiasi hicho kwa muda mfupi hivyo.

Sasa upande wa pili. Juni 1996, miaka miwili tu baada ya uchaguzi, serikali hiyohiyo ilitangaza mpango wa uchumi uliojulikana kwa kifupi chake, GEAR. Mpango wa awali, RDP, ulioahidi nyumba, maji, umeme na ardhi, ulikuwa umeshasukumwa pembeni na ofisi yake imefungwa miezi michache nyuma. GEAR ilisema: tupunguze nakisi ya bajeti, yaani matumizi yanayozidi mapato, hadi asilimia 3 ya pato la taifa, tulegeze ushuru wa forodha, tuwavutie wawekezaji. Tukifanya hivyo, uchumi utakua kwa asilimia 6 ifikapo mwaka 2000, na ajira mpya zitafika 400,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo hoja ya yule baba, imewekewa tarakimu.

Nakisi ilipungua kama ilivyopangwa. Ukuaji haukuja. Mwaka 1998 uchumi ulikua kwa takriban nusu ya asilimia moja, na ajira zilizoahidiwa hazikuonekana. Miongoni mwa walioumia mapema walikuwa wanawake wa viwanda vya nguo vya Cape Town na Durban, maana ushuru wa nguo za nje ulishushwa haraka kuliko hata makubaliano ya biashara ya dunia yalivyodai. Mwanamke aliyekuwa akishona mashati kwa mshahara na chama cha wafanyakazi nyuma yake alirudi nyumbani mwaka uleule ambao Bunge lilimpitishia sheria ya usawa kazini. Usawa upo, kazi haipo.

Yule baba anaweza kusema walikuwa na haraka, wangesubiri. Walisubiri. Kati ya 2005 na 2007 uchumi wa Afrika Kusini ulikua kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Ukosefu wa ajira ulipungua kidogo tu, na wa wanawake ukabaki juu ya ule wa wanaume kama ulivyokuwa. Ukuaji ulipofika haukugeuka wenyewe kuwa haki ya mtu yeyote. Uliwafuata walioshika ardhi, mitaji na vyeti.

Kuna jambo hapa ambalo limenikera kwa miaka mingi, na wanawake wa Tanzania tulitazame vizuri. Sheria za wanawake na kukazwa kwa bajeti vilikwenda pamoja kule, na hakuna ajabu katika hilo. Sheria inayokataza mume kumpiga mkewe haiigharimu Hazina chochote siku inapopitishwa; wabunge wanapiga makofi, wageni wanasifu. Gharama zinaanza kesho yake, pale mwanamke aliyepigwa anapohitaji polisi mwenye gari na mafuta, afisa ustawi wa jamii, pa kulala yeye na watoto, na hakimu asiyeahirisha kesi mwaka mzima. Hizo ni fedha. Waziri wa Fedha akishasema hakuna fedha, sheria inabaki imesimama peke yake. Kwa hiyo serikali inaweza kuwa rafiki wa wanawake kwenye Gazeti la Serikali na isiwe rafiki yao kwenye kitabu cha bajeti, mwaka huohuo na chini ya mawaziri walewale.

Wanawake wa kule waliliona hilo mapema. Mwaka 1995 wabunge na watafiti, akiwemo mbunge Pregs Govender na mtafiti Debbie Budlender, walianzisha kazi ya kuisoma bajeti ya taifa kwa jicho la kijinsia. Hawakuuliza tu "fungu la wanawake liko wapi." Waliigawa bajeti sehemu tatu: fedha zilizotengwa mahsusi kwa wanawake, fedha za kuleta usawa miongoni mwa watumishi wa serikali, na zote zilizobaki. Sehemu mbili za kwanza ni kijisehemu kidogo tu cha bajeti. Maisha ya mwanamke yanaamuliwa na ile ya tatu: maji, barabara, silaha, riba ya deni la taifa, kilimo, hospitali. Kazi hiyo ilivuka mipaka. Mwaka 1997 Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP) na wenzao wakaanza ya kwetu hapa Dar es Salaam.

Hapa chini mwisome polepole kwenye kikao, kwa sababu ndipo jibu lilipo.

Enzi za ubaguzi kulikuwa na ruzuku ya serikali kwa mama aliyeachwa na watoto bila msaada: randi 430 kwa mzazi na randi 135 kwa mtoto kila mwezi. Zilikuwa fedha za maana. Lakini wanawake Waafrika, walio wengi na maskini kuliko wote, karibu hawakuipata kabisa. Serikali mpya ilikuwa na mtihani. Kuipeleka kwa wote kwa kiwango kilekile kungehitaji fedha ambazo GEAR ilishazifungia, na kuiacha ilivyo ni kuendeleza ubaguzi. Kamati iliyoongozwa na Francie Lund ikapendekeza njia nyingine: kiasi kidogo kwa kila mtoto maskini, bila kuuliza rangi wala kama wazazi wameoana, na fedha imfuate mtoto. Anayempikia na kumlaza ndiye apokee, awe mama, bibi, shangazi au hata baba. Serikali ikataja randi 75. Mashirika ya wanawake, ya watoto na makanisa yakapiga kelele, ikapanda hadi randi 100, na ikaanza Aprili 1998 kwa watoto wasiofika miaka 7 tu.

Randi 100 hazikutosha hata wakati ule. Na akina mama waliokuwa wakipata ile ya zamani, wengi wao wa jamii zinazoitwa kule Machotara na Wahindi, waliondolewa hatua kwa hatua. Hao walikuwa na kila sababu ya kulia. Sifichi gharama hiyo. Lakini tazama kilichofuata. Kwa sababu ruzuku ilikuwa ya wote walio maskini, wanaharakati waliweza kuidai zaidi. Umri ukasogezwa mara kadhaa mpaka ukafika miaka 18. Leo zaidi ya watoto milioni 13 wanaipata, na karibu wote wanaoipokea kwa niaba yao ni wanawake. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote ya kijinsia ambayo Afrika Kusini imeyafanya tangu 1994, makubwa kuliko sheria yoyote ya 1998, ingawa ruzuku yenyewe haimtaji mwanamke popote katika jina lake. Haijamaliza umaskini, na haimlipi mwanamke kwa kazi yake ya kulea. Ila inampa fedha inayojulikana siku na kiasi, isiyopita mkononi mwa mume, na hiyo ni nguvu ndani ya nyumba.

Kwamba mkono unaopokea una maana, hilo si porojo. Pensheni ya wazee iliposawazishwa kwa watu wa rangi zote mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchumi Esther Duflo alichambua takwimu za urefu na uzito wa watoto waliokuwa wakiishi na wazee hao. Fedha ilipopokewa na bibi, afya ya wajukuu, hasa wa kike, iliboreka waziwazi. Ilipopokewa na babu, hakuona badiliko kama hilo. Fedha ni ileile, nyumba ni zilezile, tofauti ni nani aliyeishika.

Nenda sasa kwenye umeme. Mwaka 1994 karibu theluthi moja tu ya kaya za Afrika Kusini ndizo zilizokuwa na umeme. Leo ni zaidi ya asilimia 80. Taryn Dinkelman alichunguza vijiji vya KwaZulu-Natal vilivyofikiwa na nguzo na ambavyo havikufikiwa. Palipoingia umeme, wanawake waliopata kazi waliongezeka. Kwa wanaume haikuonekana hivyo. Kwa nini wanawake? Kwa sababu ndio waliokuwa wakitafuta kuni. Saa zilizokuwa zinaishia porini na jikoni zilirudi mikononi mwao, wakazitumia kutafuta fedha. Mhandisi aliyepanga nguzo zile pengine hakuwahi kukaa kwenye semina ya jinsia hata siku moja.

Na maji. Kuanzia mwaka 2001 serikali ile iliweka sera ya kila kaya maskini kupata lita 6,000 za maji kwa mwezi bila malipo. Pigeni hesabu kwa madumu yetu ya lita 20: ni madumu 300 kwa mwezi, au 10 kwa siku. Haikuwafikia wote, na manispaa nyingine ziliweka mita za kulipia kabla zilizokata maji lita zikiisha. Lakini mwanachama wenu yeyote anayeuza chakula anajua madumu 10 ni nini. Anaamka saa kumi alfajiri, anapanga foleni au anamlipa mwenye mkokoteni, anachemsha, anaosha vyombo kwa maji hayohayo mpaka yawe kama uji. Anachomlipa mwenye mkokoteni kinatoka kwenye faida yake. Anapobeba mwenyewe, kinatoka kwenye usingizi wake au kwenye masomo ya binti yake. Hakuna waziri atakayeuona mzigo huo kwenye vitabu vyake, kwa sababu haukulipwa na mtu.

Ndiyo maana nasema yule baba amepindua mambo. Anadhani uchumi uko upande huu na wanawake wako upande ule wakingoja mgao. Ukweli ni kwamba uchumi unaendeshwa tayari kwa kazi ya wanawake isiyolipwa, na kila serikali inapobana matumizi bila kuangalia, mzigo hauondoki duniani, unahamia kwao. Afrika Kusini waliuona kwa namna mbaya kuliko zote wakati wa UKIMWI. Mwaka 1990 chini ya mjamzito mmoja kati ya 100 waliopimwa kwenye kliniki za serikali alikuwa na virusi. Mwaka 1998 walikuwa zaidi ya 20. Hospitali zilipozidiwa, wagonjwa walirudishwa majumbani, na "huduma ya nyumbani" maana yake ilikuwa bibi na binti. Ilibidi Mahakama ya Katiba iamuru mwaka 2002 kwamba wajawazito wapewe dawa ya kuzuia maambukizi kwa mtoto. Amri hiyo ilipatikana kwa sababu haki ya afya ilikuwa imeandikwa kwenye katiba na watu walikuwa barabarani wakiidai. Kwa hiyo sizibezi sheria. Bila sheria usingekuwa na cha kushikia. Ninachokataa ni kuishia hapo.

Turudi nyumbani. Sisi tulikwenda kwa mpangilio tofauti: soko lilitangulia siasa. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, uchangiaji wa gharama ukaingia shuleni na hospitalini, na ndipo mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1995. Sheria za wanawake zikaja baadaye: ile ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, zile za ardhi mwaka 1999 zilizompa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Viti maalum navyo vilipanda polepole mpaka asilimia 30 mwaka 2005. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001, na hiyo mimi naiweka juu ya orodha. Familia yenye uwezo wa kumlipia mtoto mmoja tu, mara nyingi haikumchagua binti.

Na tuliwahi kuwatangulia wenzetu kwa jambo moja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda, kwa sababu mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe akazitumia vingine. Lakini kanuni ilibaki, na wanawake wengi wamegawiwa nyumba na viwanja kwa sababu yake. Mahakama ilishakubali kwamba kupika, kufua na kulea ni kazi yenye thamani ya fedha. Hazina bado.

Tuchukue mfano mmoja wa karibu, taulo za kike. Katika bajeti ya 2018/19 serikali yetu ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye taulo hizo. Tulishangilia. Mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Watu wengi wakaishia kuilaumu serikali au kuwalaumu wafanyabiashara. Fundi wa kodi angeuliza swali jingine: bidhaa ilisamehewa, au iliwekewa kiwango cha sifuri? Ikisamehewa, mwenye kiwanda anaendelea kulipa VAT kwenye vifungashio, umeme na usafiri, na hawezi kuidai irudishwe; inabaki imejificha ndani ya bei. Ikiwekewa kiwango cha sifuri anarudishiwa, na bei ina nafasi halisi ya kushuka. Anayeagiza mzigo uliokamilika kutoka nje alipata unafuu mkubwa zaidi, lakini sheria haikumbana aufikishe kwa mnunuzi. Afrika Kusini waliweka taulo kwenye kiwango cha sifuri Aprili 2019, na mafuta ya taa, nishati ya jikoni kwa maskini, walishayaweka huko tangu 2001. Serikali yetu ilikuwa na hoja kuhusu bei. Dawa ilikuwa kurekebisha muundo wa kodi, na badala yake tukawarudishia mabinti ile asilimia 18.

Mfano wa pili ni tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, ya kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala. Haikutaja jinsia. Lakini michango ya vikoba, nauli ya mwanafunzi, hela ya dawa ya mama kijijini, vyote vinapita kwenye simu. Watu walilalamika kwa sauti, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Nawakumbusha hilo kwa makusudi: sera ya uchumi inasikia kelele zikiwa na hesabu.

Halafu ile asilimia 10 ya halmashauri. Mnaijua, ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iliingia kwenye sheria mwaka 2018, ikasitishwa 2023 kwa dosari za usimamizi na urejeshaji, ikarudishwa 2024. Iombeni, ni haki yenu. Ila mtambue ni asilimia ya mapato ya ndani ya halmashauri, siyo ya bajeti yote. Mwanamke akikopeshwa kwenye fungu hilo akaenda kuuza kwenye soko lisilo na choo, maji wala taa, faida yake inaliwa na mapungufu ya mafungu mengine. Kikoba kizima kinaweza kupigania ile 4 miaka nenda miaka rudi na kisiulize hata mara moja kuhusu zile 90.

Umeuliza kuhusu Rais kuwa mwanamke na viti maalum. Nafurahi, na binti zetu wanaona kinachowezekana. Lakini Afrika Kusini kuna onyo. Baada ya 1994 viongozi hodari wa muungano wa wanawake waliingia bungeni na serikalini, na muungano wenyewe ukadhoofika. Waliobaki nje hawakuwa na nguvu ileile ya kuwabana walioingia. Serikali iliponunua silaha za mabilioni ya randi, Pregs Govender alipinga akiwa karibu peke yake ndani ya chama chake, na mwaka 2002 akaondoka bungeni. Kwetu, BAWATA, baraza lililotaka kuwaunganisha wanawake bila kujali chama, lilifutiwa usajili mwaka 1997, na ushindi wake mahakamani ulikuja miaka mingi baadaye. Mbunge wa viti maalum anasimama imara zaidi akijua kuna wanawake nje ya Bunge wenye takwimu na wasioogopa kumuuliza.

Mfanye nini basi? Kwenye mkutano wa mtaa dai mapato na matumizi yasomwe, na muulize swali moja tu lililoandaliwa vizuri, kwa mfano lini maji yatafika sokoni na fungu lake ni kiasi gani. Halmashauri huanza kupanga bajeti miezi mingi kabla ya Juni. Mkingoja hotuba ya Waziri mmechelewa, isipokuwa kwa kodi, maana Kamati ya Bajeti ya Bunge hupokea maoni ya wadau kuhusu muswada wa sheria ya fedha. Andikeni saa ambazo wanachama 10 wanatumia kwa maji na kuuguza kwa wiki moja. Karatasi hiyo itamshinda ofisa mipango kuliko malalamiko ya jumla. Na TGNP pale Mabibo wamekuwa na semina za Jumatano kwa miaka mingi ambako mambo haya yanajadiliwa kwa Kiswahili cha kawaida. Wawili wenu waende.

Deni lako la kausha damu lisingoje bajeti ya mtu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu, na kanuni zimeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa aina hiyo. Kwa hiyo tuseme ulichukua 100,000 unatakiwa kurudisha 130,000 mwezi huohuo, hiyo imevuka mbali. Mwombe mkataba wa maandishi na nakala ya leseni. Akikosa kimojawapo, peleka malalamiko Benki Kuu ukiwa na risiti au ujumbe wa simu wa kila rejesho ulilofanya. Wakati huohuo leta ombi kikobani wakununulie deni hilo, ulipe kikundi kwa riba yenu ya kawaida, na muandike azimio ili mwanachama mwingine aliyekwama kama wewe atumie utaratibu huohuo.